Sindano Kwenye Mfuko wa Mama Vyungu

Damu yenyewe ilikuwa tone moja tu, la kuonea haya hata kulilalamikia. Nilivua glovu, nikaliangalia likivimba kwenye ncha ya kidole cha shahada, nikadhani ni kigae. Nilikuwa nimeshamtukana mwenye kigae kimoyomoyo, maana pipa la vitu vya kukata tulikuwa nalo na kila mtu alilijua. Nikachokoa lile lundo juu ya turubai kwa kijiti. Hakikuwa kigae. Lilikuwa bomba la sindano, dogo, halina kifuniko, limezama kwenye majivu na maganda ya viazi.

"Jamani," nikasema. "Jamani, nimechomwa na sindano ya mtu."

Wanawake wote wakaacha kazi. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa turubai akifunga gunia la plastiki. Aliliachia, likamwagika, na sikuwahi kumwona akimwaga kitu maisha yangu yote. Akaja akanishika mkono.

"Maji! Sabuni! Nani huyo kasimama tu kama anatazama harusi? Leteni maji!"

Nilinawa mpaka kidole kikakunjamana. Muda wote huo macho yangu yalikuwa kwa mwanangu. Alikuwa mgongoni kwa wifi yangu, kwenye kivuli cha banda, amelala mdomo wazi. Alikuwa hajajua hata kukaa. Tangu azaliwe alikuwa hajaonja kitu kingine hapa duniani zaidi ya maziwa yangu.

Hapa inabidi nieleze usafi wa kijiji chetu, la sivyo mtatuona wendawazimu.

Nilipokuwa mdogo kijiji kilikuwa kichafu na hakuna aliyeona. Taka zilitupwa palipo karibu: nyuma ya jiko, kwenye mfereji, kandokando ya kijito tulichochota maji. Ukapita mwaka wa kuhara. Tulizika watoto mpaka watu wakaacha kulia kwa sauti, na mmoja wao alikuwa kitinda mimba wa mama. Mama alikaa ndani msimu mzima. Alipotoka, alitoka na fagio, na hakuliweka chini tena. Hakungoja mkubwa yeyote aje na gari na hotuba. Alianza na ua wake, akaingia wa jirani bila hodi, akatukanwa, akarudi kesho yake. Walimwita Bi Fagio kwa kumdhihaki. Baadaye walimwita hivyo hivyo kwa heshima, na ukisikia namna walivyolitamka ungejua tofauti.

Kufikia mwaka ninaousimulia tulikuwa na kikundi, banda, mapipa, na shimo lililochimbwa upya kila lile la zamani lilipojaa. Tulikuwa na sheria pia, Mungu wangu, sheria! Hakuna kuchoma taka uani. Hakuna kutupa kitu kigumu chooni, na mama alikuwa akipita na tochi kumulika, ndiyo, chooni, mchana kweupe. Kila nyumba iliweka mfuko wake mlangoni tuupitie, umefungwa kwa utepe uliochanwa kutoka nguo kuukuu ya nyumba hiyo, ili ujulikane. Tuliumwaga kwenye turubai na kuchambua. Vya kuoza huku, plastiki kule, vya kukata pipani, mabaki shimoni. Mfuko ukiwa umechanganywa vibaya ulirudishwa kwa mwenyewe, na haukurudishwa kimyakimya. Kikundi kizima kilifuatana nao mpaka mlangoni pake, mwendo wa taratibu, ili njia nzima ishuhudie. Mzee mmoja mwenye mashamba makubwa alirudishiwa mfuko wake mara moja tu. Mwezi ule hakuonekana hata dukani.

Tulijua mambo ya watu. Taka hazifichi. Tulijua nani kala nyama na kusema hakuwa na kitu, nani kaanza kuvuta sigara upya, nyumba gani imevunja sahani tatu kwa jioni moja. Hatukuyasema nje ya turubai, hiyo nayo ilikuwa sheria. Lakini tuliyajua. Sasa wewe jiulize, katika kijiji cha namna hiyo, mtu mwenye siri anaitupa wapi?

Hatukujiuliza. Tulijisifu tu kwamba kuhara kumekwisha, na kweli kulikuwa kumekwisha.

Nesi wa zahanati alikuja mbio, amevaa kandambili. Alinishika bega, akaniuliza sindano ilizama kiasi gani, nilivuja damu au sikuvuja. Akalichukua lile bomba kwa kibanio, akaligeuza mara moja tu, akalitumbukiza kwenye kopo lake na kufunga mfuniko haraka. Nilidhani ni haraka ya kazi.

"Dawa ya kuzuia ipo," akaniambia. "Sina hapa, lakini gari la hospitali kubwa nimeshalipigia simu, jioni litakuwa hapa. Utaanza leo leo. Usiogope."

"Na mtoto?"

Hapo akasita. "Usimpe ziwa kwanza. Mpaka daktari aseme. Au mpaka tujue sindano ilikuwa ya nani, huyo mtu akubali kupimwa, tuone ni mzima."

"Atakula nini sasa? Hajui kikombe, hajui kijiko, hajui chochote!"

"Najua," akasema nesi. "Ndiyo maana nimekwambia kwanza."

Mama alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yote yale: ya nani. Alisimama katikati ya turubai, akapandisha mikono ya gauni.

"Hakuna anayeondoka," akasema. "Mwenye sindano aseme. Sitamgombeza. Naapa kwa kaburi la mwanangu, sitamgombeza. Mjukuu wangu ana njaa."

Mifuko iliyomwagwa pamoja asubuhi ile ilikuwa michache, na tepe zake zilikuwa bado zinaning'inia kwenye mti wa mbele ya banda. Mama akainama, akaanza kusoma lundo. Alikuwa fundi wa jambo hilo. Majani ya chai haya ni ya nyumba ya juu. Manyoya haya ya yule mfuga kuku. Kijiti chake kilifika palipokuwa na sindano, kikachokoa majivu, kikatoa kipande cha udongo uliochomwa, halafu kingine.

Hakuhitaji kusema. Mtu mmoja tu kijijini alifinyanga vyungu.

Mama Vyungu alikuwa amesimama karibu na mapipa, mikono yake imekauka udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa ugonjwa mrefu ambao hakuna aliyeutaja jina, na tangu hapo yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Mwanamke akikonda kijijini kwetu, kila mtu alikuwa daktari.

"Si yangu," akasema.

"Hatukuulizi kwa ubaya, dada," mama akamjibu, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyoizoea, jambo lililonitisha zaidi. "Iko kwenye majivu yako. Pamoja na vigae vyako."

"Majivu ni yangu. Vigae ni vyangu, na nimekosea, vilitakiwa pipani. Sindano si yangu. Sijachomwa sindano tangu nimzae mwanangu wa mwisho."

"Basi upimwe tu, yaishe. Nesi huyu hapa."

"Mbele ya hawa wote? Kwa kuburutwa?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mnajua mnachokitafuta. Mmekuwa mkikitafuta tangu nimzike mume wangu. Mlipokuwa mnashika mifuko yangu kwa vijiti mlidhani sioni?"

Mwanangu akaamka wakati huo. Alianza kwa kuguna, kama alivyozoea, kunipa nafasi ya kufika. Sikufika. Akalia. Wanawake mliowahi kunyonyesha mnajua, ziwa halingoji ruhusa ya nesi. Kifua changu kilijibu palepale, gauni likalowa mbele ya watu, na nikasimama nimekumbatia kifua changu mwenyewe nikilia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Mama, nesi, wale wanawake, dunia na usafi wake.

"Mwenye sindano aseme!" nikapiga kelele. "Kwani atakufa akisema? Aseme tu!"

Wifi alikuwa amemshusha mtoto mgongoni na kumweka begani. Alikuwa akitembea naye, kutoka banda mpaka mti, kutoka mti mpaka banda, akimpigapiga mgongo.

Huyu wifi yangu ndiye aliyekuwa mke wa kaka, na nyumbani kwetu bado aliitwa bi harusi. Miaka ilikuwa imepita tangu harusi yenyewe, wasimamizi wake wote walikuwa sasa mama fulani na mama fulani, yeye bado bi harusi. Mama alilipachika jina lile siku ya kwanza kwa furaha na baadaye akalishikilia kwa makusudi. Alikuwa akingoja sababu ya kulibadilisha. Alimchemshia mizizi, akamwombea alfajiri kwa sauti, akamhesabia miezi. Kaka naye alikuwa mtu mpole, si mtu wa kupiga meza, lakini upole wake ulikuwa wa kungojea tu, na kuishi na mtu anayekungojea kila siku si kazi ndogo. Kila mtu alipotaka kumliwaza wifi alimpakata mwanangu. Mimi nilikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Nilijiona mwema sana.

Siku ile kaka alikuwa shimoni. Shimo jipya lilikuwa likichimbwa hatua chache tu nyuma ya banda, na yeye alikuwa amekwisha zama zaidi ya kichwa. Hatukumwona. Tuliona udongo tu, ukiruka juu na kutua ukingoni, koleo baada ya koleo. Nadhani kelele zetu alizisikia akaziona ni zile za siku zote.

Mama akachukua mfuko mtupu wa Mama Vyungu, akaufungua utepe wake kutoka mtini.

"Kama hutaki kupimwa hapa," akasema, "tutafuatana nawe mpaka nyumbani. Sote. Tutakaa mlangoni mpaka ukubali."

"Mama," nesi akasema, "usifanye hivyo. Nakukataza."

"Unanikataza wewe? Mjukuu wangu analia pale, unanikataza?"

"Kupimwa ni hiari ya mtu."

"Njaa je? Nayo ni hiari?"

Wanawake wakaanza kujipanga. Nawaambia ukweli, ilikuwa inatisha. Wale wale niliocheka nao asubuhi, wakijitania kuhusu waume zao, walijipanga wawili wawili nyuma ya mama kama walivyozoea, na Mama Vyungu alirudi nyuma mpaka akagonga pipa. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye wajukuu, na alikuwa anatetemeka mbele yetu kama mtoto aliyekamatwa gengeni.

Mwanangu alikuwa amefika ile hatua ya kulia bila sauti. Alikuwa akitafuta. Uso wake ulikuwa ukizunguka kwenye kifua cha wifi, mdomo wazi, akashika kitambaa cha blauzi yake kwa ufizi na kuanza kuvuta. Wifi akasimama. Akamtazama kwa muda. Kisha akatembea naye, ile blauzi ikiwa bado mdomoni mwa mtoto, akakanyaga turubai kwa viatu, jambo ambalo lilikatazwa kabisa, akafika mbele ya mama.

"Mwacheni mama wa watu," akasema. "Ni yangu."

Mama hakuelewa. "Yako nini?"

"Sindano. Niliitia kwenye mfuko wake alfajiri, nilipopita kuchota maji. Mfuko ulikuwa mlangoni, nikaufungua, nikaisukuma kwenye majivu. Huwa namrudishia nesi kwenye kopo. Mwezi huu alikuwa masomoni, sikujua amerudi, na wewe ulikuwa unafagia chumba changu kila siku, sikuwa na pa kuiweka."

"Unaumwa?" mama akauliza, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kumgusa paji la uso. "Unaumwa nini, mwanangu? Mbona hukusema?"

Wifi akavuta pumzi. Sijui kama alichagua maneno au yalitoka tu.

"Siumwi. Ni sindano ya kuzuia mimba. Najichoma mwenyewe."

Koleo shimoni likanyamaza.

Hakuna mtu aliyetazama nyuma ya banda, lakini nakwambia, kila mtu alikuwa anasikiliza upande ule. Udongo wa mwisho ulikuwa umetua. Hakuna uliofuata.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu ile ya kwanza iliponitoka. Ulikuwepo, mama. Wewe ndiye uliyefua yale mashuka. Unajua damu ilivyokuwa. Hospitali waliniambia nipumzike, labda ya pili isinirudishe nyumbani. Nikamwambia mwanao. Akasema niache woga. Nikakwambia wewe, ukasema wote tunaogopa, halafu tunazaa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi sikutaka kufa."

"Na mizizi niliyokuchemshia?"

"Nilikunywa yote."

"Miaka yote hii nakuombea!"

"Najua, mama. Nilikuwa nasikia ukutani."

Ule utepe wa Mama Vyungu ulikuwa bado mkononi mwa mama na hakujua auweke wapi. Wifi akanigeukia. Ndipo nilipoona kwamba machozi yalikuwa yakimtoka muda wote, na alikuwa amejikaza sauti tu.

"Wifi, nisamehe kidole," akasema. "Dada nesi, nipime. Hapa hapa, mbele yao. Nimeshavuliwa nguo, sina cha kuficha."

Nesi, ambaye sasa nilielewa kwa nini alifunga kopo haraka vile, hakumpima mbele yetu. Alimpeleka ndani ya banda na kuuvuta mlango wa bati. Niliachiwa mtoto, nikakaa naye chini nimemgeuzia uso mbali na kifua changu, na huo ndio muda mrefu kuliko wote nilioishi. Mama Vyungu alipita mbele yangu akiondoka. Alisimama. Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Alinifunika mabega kwa shuka yake, kwa sababu ya gauni langu lililolowa, akaenda zake. Hakurudi kwenye kikundi tena, na hata mama alipomfuata nyumbani kumwomba radhi, akipiga magoti, mama yangu yule, alimkaribisha, akampa kiti, akamwambia yamekwisha, na mfuko wake akaendelea kuuweka mlangoni, akiulinda ameketi kigodani mpaka tupite.

Mlango wa bati ukafunguka. Nesi akanitazama, akaashiria kwa kichwa nyumba ya mama.

"Ni mzima. Nenda ukamnyonyeshe."

Mwanangu huyo leo amenizidi urefu, anavuta mlango wa friji bila kuuliza, na hajui habari ya siku ile. Dawa nilizimeza kama nilivyoambiwa kwa usalama zaidi, nikapimwa tena na tena, nikatoka salama. Kikundi kipo. Kuna kopo sasa, la bati, kwenye ukuta wa zahanati, lenye tundu dogo juu, mtu anapita anatumbukiza chake na hakuna anayelifungua isipokuwa nesi. Mama ndiye aliyelitundika. Hakueleza kwa nini na hakuna aliyemuuliza.

Kaka hakumpiga. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia hadithi hii huniuliza hilo kwanza. Hakumpiga, hakumtukana. Aliacha tu kuzungumza naye, akawa anamjibu kupitia mama, mpaka mvua zilipoanza na wifi akafunga vitu vyake. Siku hizi anaishi mbali, anashona sare za shule, amenenepa, anacheka kwa sauti. Nikimtembelea huniuliza habari za kila mtu hadi kuku. Alikuja kuzaa, kwa wakati wake, hospitalini, madaktari wakiwa wamejiandaa, mtoto wa mtu mwingine. Mama alipopata habari alingoja mpaka jioni, akaniuliza kama mama na mtoto wanaendelea vizuri. Nikamwambia wanaendelea vizuri. Akasema alhamdulillahi, akaingia ndani.

Lakini siku ile sisi hatukuyajua haya. Siku ile nilikuwa kwenye kitanda cha mama, dirisha limefungwa, na mwanangu alikuwa ameng'ang'ania ziwa mpaka anapaliwa, analiachia, anakohoa, analirudia kwa fujo. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Wifi akasukuma mlango, akachungulia.

"Anavuta?"

"Anavuta, wifi. Ananimaliza."

Akaja akainama, akamgusa shavu kwa kidole ili auone mwenyewe ule mdomo ukifanya kazi. Nilitaka kumshika mkono. Mikono yangu yote ilikuwa imeshika mtoto. Nje tulisikia mtu akikung'uta buti kwenye jiwe la mlango, polepole, moja kisha jingine. Kaka alikuwa ametoka shimoni.

"Sikiliza," wifi akaninong'oneza. "Hata ukisikia nini, usinyanyuke. Hajashiba huyu."

"Wifi, ngoja niende na wewe."

"Hajashiba, nimesema."

Kaka akaita kutoka uani. Hakuita kwa hasira. Aliita kama mtu anayeuliza njia. Wifi akajipangusa uso kwa pindo la blauzi, palepale palipokuwa bado pamelowa mate ya mwanangu.

"Nakuja," akaitika.

Akatoka, akaurudisha mlango polepole mpaka ukajifunga bila kulia, ili mtoto asishtuke.